Altare ya nyumbani katika Kamalondo, na maneno ya picha iliyoshuka usiku

Ukiingia katika nyumba ya Wakatoliki wa zamani hapa Kamalondo, usitazame kwanza viti wala televizyo. Tazama pembe ya salo. Utaona meza ndogo, ao ubao uliopigiliwa ukutani, na kitambaa cheupe cha krosheti juu yake. Pale kuna Mama Maria wa plasta aliyepoteza kidole ao pua, msalaba, shapele, chupa ya maji ya baraka, buji iliyosimikwa ndani ya kopo la tomati, na matawi makavu ya Jumapili ya Matawi ambayo hakuna anayethubutu kuyatupa. Ukutani, picha ya Moyo Mtakatifu wa Yezu ndani ya kadri ya kioo. Pembeni, picha za marehemu wa jamaa. Hiyo ndiyo tunaita altare, hata kama hakuna padri aliyesoma misa pale hata siku moja. Umeme ukikatika, buji ya altare ndiyo inasaidia watoto kufanya kazi za masomo, na hakuna aliyewahi kusema kwamba hiyo ni dhambi.

Juu ya Kamalondo watu wameandika mengi: mpira, muziki, mabare, siasa ya miaka ya uhuru. Juu ya pembe hii wameandika kidogo, pengine kwa sababu ni pembe ya akina mama. Sisi tumefundisha historia miaka mingi katika masomo ya sekondari, na tumeona kwamba kitabu cha masomo kinapita mbele ya mlango wa nyumba bila kubisha hodi. Katika kurasa hizi tungependa kueleza namna altare iliingia kwetu, kisha tutasimulia jambo lililotokea kwa kambo yetu mwaka wa 2003, ambalo mpaka leo halina jibu. Hatusimulii kwa kuogofya watu. Jambo lisiloelezeka likitokea nyumbani, watu hutafuta wa kumwonyesha kidole, na katika mji wetu kidole kile kimegeuka mara nyingi tangu wakati wa Wabelgiji. Kugeuka kwake ndiyo historia tunayotaka kufuata.

Élisabethville ilizaliwa mwaka wa 1910. Mwaka uleule Wabenedikto wa Saint-André walifika Katanga wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne, ambaye alikuwa kichwa cha Kanisa hapa mpaka kifo chake mwaka wa 1958. Wasalesiani walifika mwaka wa 1911. Wazungu walikaa upande wao, watu weusi upande wao, na katikati kukaachwa nafasi tupu ya kuwatenga. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ilipimwa cité mpya, cité Albert, ile tunayoita leo Kamalondo, komini ya zamani kuliko zote za watu weusi wa Lubumbashi, na ndogo kuliko zote. Kenia ilikuja nyuma yake. Katuba na Ruashi ni za miaka ya 1950.

Kuna tofauti moja ambayo inasahauliwa. Katika kampi ya Union Minière nyumba ilikuwa ya kompanyi. Mkubwa wa kampi, yule bazee walimwita Changa-Changa, alijua nani analala wapi na nani amekula nini. Misioni na kompanyi walitembea pamoja: masomo ya watoto, mafundisho ya mama, ubatizo, kazi. Siku ya kufukuzwa kazi, mtu alitoka na virago vyake na ukuta ukabaki wa kompanyi. Kamalondo, kinyume, walikaa mafundi wa nguo, makarani, wapishi, watu wa gari la moshi, wafanya biashara. Mtu aliomba lupangu, akajenga tofali kwa tofali, akapangisha chumba cha nyuma ili kumaliza cha mbele. Ukuta ulikuwa wake. Hatusemi kwamba misioni haikumsukuma. Ilimsukuma sana, na mtu aliyetaka watoto wake wasome alijua vizuri njia inapitia wapi. Lakini msumari wa picha aliupiga mwenyewe, na hakuna mkubwa wa kampi aliyekuja kuuhesabu.

Pembe yenyewe haikuwa ngeni. Waluba walikuwa na mikishi yao, Wabemba mipashi yao, na katika vijiji vingi palikuwa na kajumba kadogo nje ya nyumba ambapo wakubwa walikwenda kuzungumza na wale waliotangulia, na unga kidogo, ao pombe, ao pemba, ule udongo mweupe. Wamisionari waliunguza vingi. Kambo yetu mwanaume, aliyekuja mjini akiwa kijana, alizoea kusema: “Padri aliunguza kajumba, akatupatia meza.” Alisema bila hasira, na bila kucheka pia. Ukitazama vizuri, picha za marehemu zilizo pembeni ya Mama Maria ziko mahali pale ambapo babu zake wangeweka unga.

Picha ya Moyo Mtakatifu ina historia yake. Mwaka wa 1907, padri Mateo Crawley-Boevey, mtu wa Amerika ya Kusini, alianza huko Paray-le-Monial, Ufaransa, desturi ya kumsimika Yezu kuwa mfalme wa nyumba. Desturi hiyo ilienea dunia nzima na ikafika mpaka kwetu. Jamaa yote inapiga magoti, padri anabariki picha, baba wa nyumba mwenyewe anaitundika, kisha wote wanasoma sala ya kujitoa. Kwetu sisi bazee waliongeza sheria ambayo hatukuikuta katika kitabu chochote cha Kanisa: picha ile ikiisha kutundikwa haishuki tena, isipokuwa siku ya kupaka ukuta chokaa na siku ya kugawanya urithi. Msomaji aishike sheria hiyo, tutaihitaji mbele.

Sasa, turudi kwa kidole. Katika miaka ya Wabelgiji, na zaidi wakati wa vita vya 1940 mpaka 1945, watu wa Élisabethville waliogopa batumbula. Bazee wetu wote walisimulia: ni watu weusi waliotumwa usiku na wazungu kukamata watu njiani, anayekamatwa ananyweshwa kitu, anakuwa kama nguruwe, ananoneshwa na kuliwa. Hata Monseigneur de Hemptinne, na ndevu zake ndefu, alitajwa katika hadithi zile. Mtu akipotea, kitu kikigonga mlango usiku, jibu lilikuwa moja. Wataalamu wa historia wameandika sana juu ya batumbula, na wengi wanaona ndani yake kilio cha watu waliofanyishwa kazi mpaka nyama yao ikaisha. Tukumbuke kwamba mwezi wa 12 wa mwaka 1941 wagomaji wa Union Minière walipigwa risasi na askari hapahapa mjini. Kwa hiyo kidole cha wakati ule kilielekea juu, kwa mwenye nguvu, na nje ya nyumba. Ndani ya nyumba watu walifunga mlango na kusali pamoja, watoto katikati.

Miaka ya 1950 ikaleta Jamaa. Placide Tempels, Mfransisko, yule aliyeandika juu ya filozofia ya Wabantu mwaka wa 1945, alianza kuzungumza na watu wa migodi huko Musonoi, karibu na Kolwezi, na kuanzia karibu mwaka wa 1953 kikazaliwa kikundi cha mabwana na mabibi walioitana baba na mama. Maneno yao makubwa yalikuwa matatu: uzima, uzazi, mapendo. Jamaa ilifika Lubumbashi pia. Kwa habari yetu, jambo la maana ni kwamba watu wa Jamaa walichukua ndoto kwa uzito. Mtu aliyekutana na Bikira Maria usingizini hakuificha. Aliileta mbele ya wenzake, wakaizungumza pole pole, usiku mzima kama inafaa. Wakubwa wa Kanisa waliogopa mambo hayo, na matawi mengine ya Jamaa kweli yalipotea njia. Tempels mwenyewe alirudi Ubelgiji mwaka wa 1962 na hakurudi tena. Lakini nyumba nyingi zilibaki na zoezi lile la kuzungumza: kitu kisichojulikana kinawekwa katikati, kila mtu anasema lake, na hakuna anayekimbilia kufunga maneno.

Kisha ikaja authenticité. Mwaka wa 1972 Mobutu alikataza majina ya ubatizo, na Kardinali Malula, aliyepinga, akalazimika kukaa Roma miezi kadhaa. Mwisho wa mwaka wa 1974 Noeli haikuwa tena siku ya mapumziko, masomo ya misioni yakanyang'anywa, na ikaamriwa kwamba misalaba na picha za Papa zishushwe katika mahali pa watu wote, pawekwe picha ya Rais. Masomo yalirudishiwa Makanisa kwa mapatano ya mwaka wa 1977. Katika miaka ile altare ya nyumbani ilipanda cheo bila mtu kutangaza. Mwalimu mmoja mzee, ambaye sasa ni marehemu, alituambia kwamba msalaba wa darasa lake aliufunga ndani ya gazeti, akaupeleka kwake, akautundika salo. “Leta ilisema tushushe,” alisema. “Haikusema tutupe.” Majina nayo yalikimbilia pale. Mtoto aliyeitwa Kabwe ao Ilunga masomoni alibaki Joseph mbele ya altare.

Wakati uleule ukuta wa pili wa salo ulipata mgeni: mamba muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, aliyechorwa na wachoraji wetu wa mji. Salo nyingi za miaka ya 1970 zilikuwa naye, karibu na picha za Lumumba ao za colonie belge. Ni wakati wa Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi picha kwa picha. Watu walisema mamba muntu anampa mtu utajiri kwa mapatano ya siri, na mapatano yale yanalipwa kwa roho za jamaa yake. Basi kidole kikaelekea kwa tajiri: yule mwenye gari, mwenye duka lililofunguliwa ghafula. Moyo Mtakatifu upande huu, mamba muntu upande ule, wakitazamana juu ya vichwa vya wageni wanaokunywa Simba. Wengine wanacheka kusikia hivyo. Sisi tunaona ni watu waliojua kwamba nyumba ina maulizo mawili, la wokovu na la feza, na hawakuficha hata moja.

Miaka ya 1990 ilivunja yote. Mwezi wa 9 wa mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na Gécamines, mama aliyelisha mkoa, akaanza kufa. Mwaka wa 1991 yalikuja maporaji. Mwaka wa 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa, zaidi Likasi na Kolwezi. Maelfu walilala kwenye stesheni za gari la moshi, wengi hawakufika walikokwenda. Ndoa za watu wa makabila mawili, ambazo Kamalondo ilikuwa imejaa, zilijua maumivu ambayo hatutayaeleza hapa. Mishahara ilikufa. Ukimwi na maradhi mengine yakaacha yatima, na yatima walipelekwa kwa kambo, kwa baba mdogo, kwa yeyote mwenye sahani. Na katika kila njia pakafunguliwa chumba cha sala, kipaza sauti juu.

Mamba muntu alishushwa wa kwanza. Wengi walimwunguza uani. Wa pili alikuwa Mama Maria, maana mapasta walisema kwamba sanamu ni mlango wa pepo. Kisha kidole kikashuka. Bazee walijua bulozi, hakuna atakayekudanganya, lakini katika desturi zetu mulozi alikuwa mtu mkubwa, mwenye umri na maneno. Kumshitaki mtoto wa miaka 7 ao 9 kwamba anakula watu ni jambo la miaka ile ya njaa. Filip De Boeck, aliyeandika juu ya Kinshasa, ameeleza vizuri namna mashitaka hayo yaliongezeka. Hapa Lubumbashi tuliyaona kwa macho. Mtoto mwenyewe hakuwa mtoto yeyote. Alikuwa yatima, ao mwenye kifafa, ao anayekojoa kitandani, ao aliyefika jana.

Sasa tusimulie. Ilikuwa mwezi wa 7 wa mwaka 2003, wakati wa baridi, hakuna mvua wala radi wala upepo mkali. Tulikuwa bado tunasoma ISP na tulikaa kwa kambo mwanamke, katika nyumba ambayo bwana yake alijenga. Ndani ya nyumba tulilala watu wakubwa wanne, na watoto watatu kwenye mikeka salo. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka 9, mtoto wa shangazi yetu aliyekufa Kolwezi. Alikuwa na miezi mitatu kwetu. Alisema kidogo, alizungumza usingizini, na asubuhi nyingine mkeka wake ulikuwa na maji.

Kambo aliamka saa kumi na moja, kama kila siku, kwa kuwasha buji. Tulisikia sauti yake: “Nani alimushusha Yezu?”

Picha ya Moyo Mtakatifu haikuwa ukutani. Ilikuwa imesimama juu ya meza ya altare, imeegemea ukuta, inatazama salo, katikati ya Mama Maria na chupa ya maji ya baraka. Kioo kilikuwa kizima. Waya wa kutundikia ulikuwa mzima, haukukatika wala kufunguka. Msumari ulikuwa ukutani, umeinama kidogo kwenda juu kama siku zote. Mama Maria hakusogea, chupa haikuanguka, kitambaa hakikukunjamana. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo kwa ndani. Tuliwaamsha watoto. “Hapana shiye, kambo,” walisema wote watatu, na yule msichana akaanza kulia kabla ya mtu kumtazama.

Sisi tulifanya kile mwalimu anafanya, ingawa tulikuwa bado hatujapata diploma. Tulipima. Kutoka chini mpaka msumari ilikuwa metre 2 na sentimetre 10. Tulimpandisha msichana juu ya kiti kirefu kuliko vyote vya nyumba: vidole vyake havikufika kwenye msumari. Kadri yenyewe ilikuwa ya mbao nzito, na kuitoa kwenye msumari kunahitaji mikono miwili na kuinyanyua juu kwanza. Tuliuliza majirani kama walisikia ardhi kutikisika. Hapana. Tena tetemeko linaangusha vitu, halivisimamishi; lile kubwa la Ziwa Tanganyika la tarehe 5 mwezi wa 12, 2005, ambalo liliharibu nyumba za Kalemie, halikumwegemesha mtu picha ukutani. Mwizi? Radio ilikuwa pale karibu, haikuguswa. Mtu mkubwa aliyetembea usingizini? Inawezekana. Tulikuwa wanne na sisi mmoja wao, kila mtu alikana, na mpaka leo hakuna aliyesema neno lingine. Wengine wamekufa na neno lao.

Siku mbili zikapita, kambo akisali mbele ya picha palepale iliposimama. Siku ya tatu akafika baba mukubwa, mtoto wa kwanza wa kambo. Alikuwa ameacha Kanisa Katoliki miaka michache mbele, baada ya kupoteza kazi na watoto wawili katika mwaka mmoja. Hatumcheki. Alikuja na pasta wake. Walikaa, wakanywa maji, kisha baba mukubwa akasema: “Mama, huyu mutoto njo iko na maneno. Tangu alifika, hakuna usingizi muzuri mu hii nyumba.” Pasta akaeleza: siku tatu za kufunga bila chakula wala maji, katika chumba cha sala, mpaka mtoto aungame. Na altare iondolewe, maana ndiyo iliyomfungulia njia. Msichana alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sahani ya bukari mkononi. Alisikia yote.

Kambo hakupandisha sauti. Alisema: “Mbele ya hii altare minalilia batoto bangu bane. Hakuna muntu hata moja alishitakiwa hapa. Ukitafuta mulozi, baba, utafute kwako.” Akamwambia pasta kwamba saa ya chakula imefika na kwamba anakaribishwa. Pasta alikwenda. Baba mukubwa alikaa kidogo, akatazama chini, naye akaenda. Hakurudi katika nyumba ile kwa miaka minane. Alirudi siku ya kilio cha mama yake.

Jioni, kambo aliita wakubwa wa jumuiya ya Wakristo na padri wa parokia. Wengine walitarajia padri aseme ni ajabu la Mungu. Alitazama picha, akatazama msumari, akasema: “Mama, murudishe picha pa nafasi yake. Na musimuulize tena mutoto.” Akabariki nyumba kwa dakika tano, akanywa chai. Tuseme ukweli, siku ile tulimwona kuwa mvivu. Leo tunafundisha watoto wa watu, na tunaona kwamba sentensi zake mbili zilitosha.

Mbele ya kuitundika tena, kambo aligeuza kadri. Nyuma, kwenye karatasi ya kahawia, bwana yake alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi, kuanzia mwaka wa 1954, siku ya kusimikwa kwa picha: kuzaliwa, ubatizo, ndoa, kufa. Mistari karibu arobaini. Hatukujua hata mmoja kwamba maandishi yale yapo, maana picha haishuki. Kambo akaomba kalamu, akaandika jina la msichana na mwaka wa 2003, kwa herufi zake kubwa za mtu aliyejifunza kuandika akiwa mtu mzima. Kisha akasema kwamba mwanaume wa nyumba hayuko tena, basi mtoto apande mabegani mwetu atundike yeye. Ikafanyika hivyo. Leo ni mama wa watoto, tena ni mama mkali.

Katika lupangu nyingine, si mbali, mwaka uleule, kijana mdogo hakupata kambo wa namna hiyo. Alifukuzwa kwa sababu ya sahani zilizovunjika usiku, akalala sokoni. Wengi wa namna yake walipokelewa na Wasalesiani wa Bakanja-Ville. Wengine hawakupokelewa na mtu.

Tumetaja kwamba padri hakusema ni ajabu. Hiyo si kukosa imani. Huko Kibeho, Rwanda, wasichana wa masomo walianza kusema wanamwona Bikira Maria mwezi wa 11 wa mwaka 1981. Askofu Augustin Misago alitoa hukumu ya Kanisa mwezi wa 6 wa mwaka 2001. Karibu miaka 20 ya kuuliza, kusikiliza, kupima. Na mwezi wa 5 wa mwaka 2024 Roma ilitoa sheria mpya juu ya mambo ya namna hiyo, ambazo kwa kawaida hazimlazimishi askofu kutangaza kwamba jambo limetoka mbinguni. Inatosha kusema kwamba hakuna kizuizi kwa watu kusali. Kanisa lenyewe, na wataalamu wake wote, linaweza kukaa na ulizo miaka 20. Chumba cha sala cha njia yetu kilitaka jibu kwa siku tatu, na kilitaka litoke katika kinywa cha mtoto mwenye kiu.

Leta nayo ilisema neno. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2, 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa bulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa 1, 2009, katika kifungu cha 160, inaweka kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu. Tunasoma vifungu hivyo darasani kila mwaka. Kila mwaka kuna mwanafunzi mmoja anayeuliza: “Na kama ni kweli iko mulozi?” Tunamjibu kwamba sheria haikuuliza hivyo, iliuliza nani anamwacha mtoto bila maji.

Altare za leo zimebadilika. Televizyo imechukua pembe nzuri, na Mama Maria amehamia chumba cha kulala ao juu ya friji. Sanamu za plasta za procure zimekuwa haba. Nyingi sasa ni za plastiki, zinang'aa usiku kama saa, na watoto wanazipenda. Karibu na Moyo Mtakatifu kuna watu wetu wenyewe: Anuarite, aliyetangazwa Mwenye Heri Kinshasa tarehe 15 mwezi wa 8, 1985, Isidore Bakanja, mfanya kazi aliyepigwa na mzungu wake kwa sababu ya skapulari na kufa mwaka wa 1909, akatangazwa mwaka wa 1994, na tangu mwezi wa 6 wa mwaka 2025, Floribert Bwana Chui wa Goma, yule aliyeuawa mwaka wa 2007 kwa kukataa hongo ili chakula kibovu kisiingie sokoni. Picha yake tumeiona katika salo mbili tayari, imekatwa kutoka kalenda na kubandikwa kwa kola.

Wasomaji wa Kamalondo, Kenia na Katuba walio na kadri za zamani, tunawaomba jambo moja. Siku ya kupaka chokaa ikifika, geuzeni picha mbele ya kuirudisha, mtazame nyuma yake, na mnakili kwenye daftari kila mnachokuta, hata tarehe zisizo na jina. Karatasi ya nyuma inaliwa na mchwa mbele ya picha yenyewe.